Ujira wa Kichwa: Wakala wa Kuandika Watu katika Katanga, 1910-1930

1. Utangulizi

Historia ya kazi katika Katanga kwa kawaida huanzia mgodini. Habari za kambi za Union Minière du Haut-Katanga, za tanuru la Lubumbashi, za posho, hospitali na shule za kampuni zimekwisha kuchunguzwa na wengi. Anayesahaulika ni mtu aliyesimama kati ya kijiji na mgodi, yaani wakala aliyetumwa kuandika watu, naye akalipwa kwa kadiri ya vichwa alivyofikisha. Makala haya yanakusudia kueleza kazi yake ilivyokuwa, nani alimlipa na kwa masharti gani, na maneno gani kazi hiyo iliyaacha katika Kiswahili cha nchi yetu.

Kuhusu wakala huyo kuna kauli mbili zinazorudiwa sana. Ya kwanza humwona kuwa mtu mwovu, mrithi wa wafanyabiashara ya utumwa wa karne ya 19. Ya pili husema kwamba watu walikwenda Katanga kwa hiari yao kutafuta fedha, na wakala aliwaonyesha njia tu. Kila moja ina sehemu ya ukweli, lakini zote mbili zinaacha jambo la msingi, nalo ni jinsi ujira wake ulivyohesabiwa. Mtu anayelipwa kwa kila kichwa hufundishwa na ujira wake aseme nini, anyamaze wapi na afumbe macho wakati gani, hata akiwa mwema.

2. Mwaka 1910

Union Minière iliundwa mwaka 1906. Shaba ilikuwapo tele, lakini watu walikuwa haba. Kusini ya Katanga ilikuwa na wakazi wachache, na bonde la Luapula lilikuwa limepatwa na ugonjwa wa malale, hata serikali zikazuia watu kupita huko. Mwaka 1910 mambo matatu yalitokea pamoja. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, mji ulioitwa Lubumbashi tangu 1966. Amri ya tarehe 2 Mei ilimtaka mwanamume mzima alipe kodi ya fedha, na hatua kwa hatua amri hiyo ikaenea vijijini. Mwaka huohuo ikaanzishwa Bourse du Travail du Katanga, shirika la kutafuta watu na kuwagawia makampuni kwa malipo.

Mfano wa shirika hilo ulitoka Afrika Kusini. Huko wenye migodi ya dhahabu walikuwa wamekwisha kuunda Witwatersrand Native Labour Association, ambayo watu wa Nyasaland na nchi za jirani waliiita Wenela. Makampuni yalitaka jambo moja: badala ya kushindana na kupandisha bei ya mfanyakazi, yanunue kazi hiyo mahali pamoja. Hata hivyo, kwa muda mrefu Bourse haikutosha. Sehemu kubwa ya wafanyakazi wa kwanza wa Union Minière waliandikwa katika Rhodesia ya Kaskazini na kampuni ya Robert Williams, Mskoti aliyekuwa mwanzilishi wa Tanganyika Concessions. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, thamani ya faranga ya Ubelgiji ilishuka, na mfanyakazi aliyelipwa kwa fedha ya Kiingereza akawa ghali. Ndipo mawakala wakageukia kaskazini, Lomami na Tanganyika-Moero, na kuanzia 1925 wakafika hata Ruanda-Urundi.

3. Kazi ya wakala

Wakala wa Kizungu alikuwa na kibali cha serikali, hema, wapagazi, na mizigo ya chumvi, nguo na mablanketi. Wengine walipata mshahara mdogo uliojazwa kwa zawadi ya kila mtu aliyeandikwa. Wengine, hasa waliojitegemea, hawakuwa na kitu ila ujira wa kichwa. Kwa kawaida ujira huo haukutolewa kijijini. Ulitolewa baada ya mtu kufikishwa na kukubaliwa, na kabla ya hapo gharama zilikuwa zimekwisha kutolewa: blanketi la kutia sahihi, zawadi ya chifu, posho ya njiani.

Kutokana na sharti hilo tabia nyingi za wakala hueleweka. Aliyetoroka usiku wa tatu alikuwa hasara tupu. Aliyekataliwa na daktari alikuwa safari ya bure. Kwa hiyo wakala hakumwogopa mtu asiyetaka kuandikwa, kwa kuwa huyo hakumgharimu kitu. Alimwogopa yule aliyekwisha kuandikwa kisha akabadili nia. Hapo ndipo zilipoonekana kamba. Habari za watu waliosafirishwa wakiwa wamefungwa wao kwa wao, wakisimamiwa na askari au wajumbe wa chifu, zimetajwa mara nyingi mno kuhusu miaka hiyo kiasi cha kutoweza kuitwa visa vya watu wachache wakali.

Njia yenyewe ilikuwa ndefu. Mtu wa Lomami alitembea kwa miguu mpaka mto Lualaba, akapanda meli hadi Bukama, ambako reli ilikuwa imefika mwaka 1918, kisha akapelekwa kwa gari-moshi mpaka migodini. Alitoka katika nchi ya joto na vyakula alivyovizoea, akafika katika uwanda wa juu wenye usiku wa baridi kali na unga asioujua. Homa ya mapafu na magonjwa ya tumbo yaliua wengi katika miezi ya kwanza. Hesabu ya wakala, hata hivyo, ilikuwa imekwisha kufungwa. Alilipwa kwa kumfikisha mtu, na hakupoteza kitu ikiwa mtu huyo hakurudi. Ahadi za mshahara, chakula na kurudishwa nyumbani zilitolewa na mtu mmoja, zikapaswa kutimizwa na mwingine ambaye hakuwapo zilipotamkwa.

Wakala hakuwa peke yake porini. Katika eneo moja angeweza kukutana na mwandikaji wa reli ya B.C.K., wa almasi za Forminière ya Kasai, au na watu wa makampuni ya pamba waliotaka wakulima wabaki vijijini. Kila mmoja alimwendea chifu yuleyule. Aliyesema ukweli wote kuhusu baridi, saa za kazi na vifo, alimwachia mwenzake vichwa. Ndiyo maana ni vigumu kuuita uongo wa mawakala kasoro ya mtu mmojammoja. Ulikuwa bei ya kubaki katika biashara.

4. Chifu na kapita

Ujira wa kichwa haukuishia kwa Mzungu. Uligawanyika na kushuka ngazi kwa ngazi. Chifu alipokea zawadi yake kwa kila kijana aliyetolewa. Chini yake alikuwapo kapita, Mwafrika aliyetumwa na wakala kutangulia, kusema na watu kwa lugha yao, kuwakusanya na kuwalinda njiani.

Hali ya kapita inastahili kupimwa kwa haki. Yeye ndiye aliyejua lugha, ndiye aliyekula na wenyeji na kulala katika nyumba zao. Huenda alikuwa amewahi kufanya kazi mgodini, akarudi na baiskeli au koti, na vitu hivyo vilisema zaidi ya maneno yake. Wakala aliwahesabu watu, lakini kapita aliwaita kwa majina. Zawadi yake ilikuwa ndogo kuliko zote, na hatari yake ilikuwa kubwa kuliko zote: mtu akifa Katanga, Mzungu alikuwa amekwisha kwenda wilaya nyingine, chifu alikuwa na askari, na mama wa marehemu alimjua mtu mmoja tu wa kumwuliza. Kila aliyekuwa juu alisukuma lawama chini, kama vile kila aliyekuwa juu alivyobakiza sehemu kubwa ya ujira.

Chifu naye hakuwa huru. Kwa amri ya 1910 mamlaka yake yalitambuliwa na serikali, na serikali hiyohiyo ilitaka kodi na watu. Chifu asiyetoa vijana alionekana mvivu au mkaidi. Mara nyingi waliochaguliwa walikuwa wale wasio na mtetezi: wageni, wadeni, vijana wa ukoo dhaifu, watu waliogombana na wazee. Mkataba ukasema kwamba mtu fulani amekubali kwa hiari, na kwa maana ya karatasi ilikuwa kweli. Sheria ya mkataba wa kazi ya tarehe 16 Machi 1922 iliweka utaratibu zaidi, lakini ilidumisha kifungo kwa mfanyakazi aliyevunja mkataba. Aliyedanganywa akatoroka alikuwa mkosaji mbele ya sheria.

5. Maneno yaliyobaki

Mchunguzi wa lugha hupata katika historia hii ushahidi usiopatikana katika ripoti. Katika Kiswahili cha pwani cha karne ya 19, kitenzi kuandika kilikuwa na maana ya kuajiri watu wa safari, yaani kutia majina yao katika daftari. Maneno ya misafara, pagazi na posho, yaliingia bara kwa njia hiyo. Posho, chakula cha mpagazi, likawa katika Katanga neno la mgawo wa kila juma kambini. Kwa hiyo mgodi haukuanza na msamiati mpya. Ulirithi lugha ya msafara, na pamoja na lugha ulirithi desturi ya kumlisha mtu kwa kipimo na kumhesabu asubuhi.

Neno kapita lina habari yake. Limetoka katika Kireno capitão, mkubwa wa kikosi, nalo Kireno kililipata kutoka neno la Kilatini lenye maana ya kichwa. Kodi ya mtu mmojammoja nayo iliitwa kodi ya kichwa. Na matabishi, neno la Kikongo chote kwa zawadi ndogo, limetoka vilevile katika Kireno. Hivyo kodi ya kichwa ilimtoa mtu nyumbani, kapita akamwongoza, na ujira wa kichwa ukamlipa aliyemleta. Maneno haya hayakupangwa na mtu yeyote. Lakini yakisimamishwa pamoja yanaonyesha mfumo mzima kuliko ibara nyingi za sheria.

Katika Tanganyika neno lilichukua njia nyingine. Wafanyakazi wa mkataba katika mashamba ya mkonge waliitwa manamba, kutokana na namba waliyopewa. Mwaka 1944 wenye mashamba hayo waliunda shirika lao la kutafuta watu, lililojulikana kwa jina la SILABU. Huko mtu akawa namba, Katanga alikuwa kichwa. Mantiki ya hesabu ni ileile.

Kuna zao jingine lisilokusudiwa na wakala yeyote. Maadamu wafanyakazi wengi walitoka kusini, kazi ilisimamiwa kwa Kikabanga, lugha ya mchanganyiko iliyotoka migodi ya Afrika Kusini. Waandikwaji walipoanza kutoka Lomami, Tanganyika na kaskazini, Kiswahili kikachukua mahali pake. Waluba, Wasongye, Watetela, Wabemba na Warundi walikutana kambini wakiwa na haja ya lugha moja. Ramani ya Kiswahili cha Lubumbashi, kwa sehemu kubwa, ni ramani ya safari za mawakala.

6. Mwisho wa biashara

Kilichopunguza kazi ya wakala hakikuwa huruma peke yake. Mkataba wa miezi sita ulimaanisha kwamba kila mwaka kampuni ilipaswa kununua watu upya, kuwasafirisha, kuwafundisha na kuwazika. Kuanzia 1928 Union Minière ilishika siasa ya kutuliza wafanyakazi: mikataba ya miaka mitatu, ruhusa ya kuja na mke, nyumba, hospitali na uzazi kambini. Mtoto aliyezaliwa kambini hakuhitaji kuandikwa na mtu. Upungufu wa biashara duniani baada ya 1929 ulimaliza kilichobaki. Badala ya kuleta watu, kampuni ikawarudisha makwao kwa wingi.

Mwaka 1936, huko Geneva, Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba juu ya uandikaji wa wafanyakazi wa makoloni. Mkataba huo ulikataza machifu kuwa mawakala na kupokea malipo kwa ajili hiyo. Tena ulitaka mawakala, kadiri iwezekanavyo, wapate mshahara uliowekwa, na wanapolipwa kwa kila kichwa malipo hayo yasipite mpaka utakaowekwa na serikali. Kwa lugha ya wanasheria, dunia ilikiri jambo ambalo wanavijiji wa Lomami walilijua tangu miaka kumi na zaidi: kwamba kasoro haikuwa katika tabia ya mwandikaji tu, bali katika hesabu ya ujira wake.

7. Hitimisho

Wakala wa Katanga hakuwa mfanya utumwa, kwa kuwa mtu wake alilipwa na mara nyingine alirudi. Wala hakuwa mwonyesha njia tu, kwa kuwa alikuwa na faida katika kila ahadi iliyoaminiwa. Alikuwa mtu aliyelipwa kwa mwanzo wa jambo bila kuwajibika kwa mwisho wake. Popote kazi ya kutafuta watu inapolipwa kwa namna hiyo, swali la kuuliza si kama mwandikaji ni mwaminifu. Swali ni hili: yule aliyeahidi atapoteza nini ikiwa ahadi haikutimizwa? Katika Katanga ya miaka hiyo jibu lilikuwa wazi. Mwenye kampuni hakupoteza kitu, wala wakala, wala chifu. Aliyepoteza ni kapita aliyerudi kijijini peke yake, na yule ambaye hakurudi.