Wasichana Shuleni: Sababu Gani Zilitolewa?

Tunapoomba wazazi wa Watalinga watume binti zao shuleni, mara nyingi tunatoa sababu moja: atakuwa mama mwema wa nyumba. Sababu hii si uongo. Lakini ina historia yake, na yafaa tuijue.

Katika Ufaransa, Padri Fénelon, aliyefanywa kisha Askofu Mukuu wa Cambrai, alitoa mwaka 1687 kitabu juu ya malezi ya wasichana. Alionya kwamba kuwaacha wajinga kunaharibu jamaa nzima, maana wao ndio washika nyumba. Lakini hakutaka waende mbali katika elimu. Miaka 14 mbele yake, Poulain de la Barre, aliyesoma teolojia Paris, alikuwa amekwisha kwenda mbali zaidi. Akili, alisema, si ya kiume wala ya kike. Basi mwanamuke aweza kufundisha, kuhukumu, hata kutawala. Mutu huyu alipata upadri, kisha akaacha Eklezia Katolika na kukimbilia Geneva. Si ajabu kwamba seminarini tunasikia zaidi jina la Fénelon!

Kongo ya Wabelgiji ilifuata njia ya Fénelon. Wavulana walipata seminari na shule za makarani. Wasichana walifundishwa hasa kushona, kupika, usafi na kulea watoto. Wengi walisema: karani anahitaji bibi anayemfaa. Angalia vema: sababu ni ya mume, si ya binti mwenyewe. Matunda yake yalionekana. Katika uchaguzi wa mwezi wa tano 1960 wanaume peke yao walipiga kura. Mwaka 1961 tu Sophie Kanza alimaliza masomo ya sekondari, wa kwanza kati ya wasichana Wakongomani. Akapata diploma ya Lovanium mwaka 1964, na mwaka 1966 akawa waziri. Haki ya kura ilifikia wanawake kwa Katiba ya 1967.

Na kwetu? Muzazi anayeambiwa kwamba binti aliyesoma ataolewa vizuri anasikia habari ya mbuzi. Basi mbuzi wakifika mbele ya diploma, anamutoa shuleni, wala hatuna neno la kumujibu, kwani tumemupa sababu sisi wenyewe.

Ngambo ya mupaka, Sarah Nyendwoha wa Hoima alitaka kusoma hesabu Makerere. Mwalimu alikataa wanawake darasani mwake. Akashika historia, akamaliza Oxford mwaka 1954. Aliporudi kufundisha, alitolewa mushahara mudogo kuliko wa wanaume wenye diploma sawa. Akaukataa.

Eklezia pia ilitembea. Mwaka 1930 Pio XI aliwaonya waliotaka mwanamuke aachiliwe na mamlaka ya mume. Mwaka 1963 Yoane XXIII alihesabu kati ya alama za nyakati kwamba wanawake wanadai haki zao nyumbani na katika inchi. Mutaguso, mwaka 1965, ulisikitika kwamba mwanamuke ananyimwa kuchagua mume kwa uhuru, ao kupata elimu sawa na ya mwanaume.

Sheria ya jamaa ya 1987 ilidai muke apate ruhusa ya mume mbele ya kutia mukono kwenye mapatano. Iligeuzwa mwaka 2016: sasa wote wawili wapaswa kupatana, ingawa mume angali anaitwa mukubwa wa nyumba. Wakatekista wanaotayarisha wachumba wanaweza kuwasomea kifungu cha 448 kwa Kiswahili, siku moja na mafundisho ya ndoa.