Kidhibiti chaji na kilele chake

Ni saa sita na nusu mchana, mwezi wa Aprili, kwenye jangwa la Quartzsite, Arizona. Juu ya paa la motahomu kuna paneli iliyoandikwa wati 100. Ndani, kimita cha ukutani kinaonyesha ampea 5 zikiingia kwenye betri yenye volti 13. Zidisha, utapata wati 65. Mwenye gari anapanda ngazi na kitambaa, anasugua kioo mpaka kinameta, anashuka na kukuta namba haijasogea. Hapo ndipo wengi huanza kuulizia bei ya paneli mpya.

Motahomu, kwa asiyewahi kuingia ndani yake, ni basi au lori jepesi lililojengewa kitanda, jiko, friji na choo. Wastaafu wa Marekani na Kanada huzikimbizia kusini kukwepa baridi, na maeneo ya ardhi ya serikali kuu karibu na Quartzsite hupokea wakaaji wa muda mrefu kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili. Umeme wa kuchomeka hakuna. Taa, pampu ya maji na friji vyote vinaitegemea betri, na betri inalitegemea paa.

Paneli yenyewe ni nzima. Kinachokula zile wati ni kisanduku kilichofichwa kabatini, kati ya paneli na betri. Mafundi wa sola, Kariakoo kama Luthuli Avenue, hukiita chaji kontrola. Kwa Kiswahili cha vitabuni ni kidhibiti chaji, na jina hilo nalipenda, ila linasema nusu ya habari. Kudhibiti ni kuzuia kisizidi. Wakenya walilizoea neno hili barabarani, matatu zilipolazimishwa kufungwa vidhibiti mwendo chini ya kanuni za 2003, na hakuna abiria aliyetarajia kwamba kifaa hicho kingeiongezea matatu mwendo.

Kidhibiti cha aina ya kwanza, kilichoandikwa PWM, kinastahili jina hilo barabara. Ni swichi tu. Betri ikiwa na njaa, kinaiunganisha na paneli moja kwa moja. Ikikaribia kujaa, kinakata na kuunga mara nyingi kwa sekunde, na kila pigo la umeme linazidi kuwa fupi. Betri haipikwi, na bei ya kidhibiti hiki ni ndogo. Tatizo liko kwenye huko kuunganisha moja kwa moja. Paneli ya wati 100 kwa kawaida ina seli 36, kila moja ikitoa kama nusu volti inapofanya kazi, jumla volti 18 kwa ampea 5.5. Ikishaunganishwa, betri inaiburuta mpaka volti 13. Ampea hubaki karibu zilezile, na volti 5 hazimfaidii mtu. Hata jua likiwa kamili, 13 mara 5.5 haivuki wati 72.

Aina ya pili imeandikwa MPPT, na hapa ndipo istilahi inapotushinda. Tafsiri ya neno kwa neno ni ufuatiliaji wa nukta ya nguvu ya juu kabisa. Mtafute fundi aliyeko juu ya ngazi, bisibisi mdomoni, atakayeyatamka maneno yote hayo! Isitoshe, nguvu kwa msemaji wa kawaida ni jambo pana mno, kuanzia misuli hadi serikali. Mimi ningechukua njia ya kipimajoto na kifunguakinywa, nikakiita kidhibiti hiki kifuatakilele.

Kilele hicho ni kitu halisi. Iache paneli wazi juani bila kuiunganisha na chochote: volti zinapanda hadi 22, ampea ni sifuri, kwa hiyo wati ni sifuri. Unganisha nyaya zake mbili zenyewe kwa zenyewe: ampea zinafika 6, volti zinaanguka, wati tena hakuna. Kati ya ncha hizo mbili kuna mahali pamoja ambapo volti na ampea zikizidishwa huleta wati nyingi kuliko penginepo, napo ni kwenye zile volti 18. Lakini kilele hakitulii. Paneli ikipata joto kinashuka, wingu likipita kinahama. Kifuatakilele hupandisha volti kidogo, hutazama kama wati zimeongezeka, na zisipoongezeka hurudi nyuma. Kazi ni hiyo kutwa nzima. Kisha hubadili volti za ziada kuwa ampea, na betri ile ile ya volti 13 inapokea zaidi ya ampea 7.

Jina hili linamsaidia fundi pia kwenye kivuli, adui mkubwa wa paa la motahomu. Kiyoyozi, dishi la televisheni na vifuniko vya matundu ya hewa vyote vimesimama kando ya paneli. Ndani ya paneli kuna dayodi zinazopitisha umeme kando ya kundi la seli lililozibwa na kivuli, ili lisiwazibie wenzake njia. Zinapofanya kazi, kilele kimoja hugeuka viwili, kimoja kirefu kuliko kingine. Kifuatakilele cha bei poa kinaweza kutulia kwenye kifupi, kama mpanda mlima aliyefika Mawenzi kwenye ukungu akadhani yuko Kibo. Ndiyo maana kwa paa lenye vivuli vingi nashauri paneli ziunganishwe sambamba, hata kama nyaya zitakuwa nene zaidi.

Kabla ya kununua chochote, pima. Chomoa paneli, weka multimita kwenye nyaya zake: volti 20 na kitu zinaonyesha kwamba njia ya ndani haijakatika, ila usizitegemee peke yake, maana hata paneli chafu huweza kuonyesha hizo. Kisha, chaji ikiendelea, pima kwenye skrubu za kidhibiti na papo hapo kwenye vichwa vya betri. Ukikuta 14.2 huku na 13.4 kule, waya ni mwembamba, au kuna kiungo kilicholegea kwa mitikisiko ya njiani au kilichoota kutu. Kasoro hii ina ujanja wake. Kidhibiti kinasoma 14.2, kinadhani betri inakaribia kujaa na kupunguza chaji mapema, nayo inalala na njaa kila usiku. Waya mnene wa mita tatu unaweza kumaliza kesi nzima.

Anayeongeza paneli hushawishika kuchukua zile kubwa za paa la nyumba, za seli 60, kwa kuwa wati zake ni rahisi. Ni sawa, mradi kuwe na kifuatakilele. Paneli hiyo hufanya kazi kwenye volti 31 hivi, na ukiiunganisha kwa kidhibiti cha PWM na betri ya volti 12, zaidi ya nusu ya wati zitapotea. Anayehamia betri ya lithiamu abadilishe mipangilio ya chaji, azime kile kipengele cha kusawazisha kilichotengenezewa betri za asidi, na asiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0.

Soma pia namba za kwenye kisanduku. Kikiandikwa 100/30, 100 ni volti zisizopaswa kuvukwa upande wa paneli, 30 ni ampea zinazotoka kwenda betrini. Paneli ya seli 60 ikiwa wazi hutoa kama volti 38. Mbili mfululizo ni 76, na asubuhi ya nyuzi 20 chini ya sifuri zitapanda hadi 86 hivi, kwa sababu baridi huongeza volti. Tatu ni 114 hata kabla ya baridi. Na siku ya kufunga, betri iunganishwe kwanza, paneli baadaye. Siku ya kufungua, paneli ndiyo itangulie kuchomolewa.