Mita Inasema 38,412

Mnunuzi aliuliza swali moja tu kwa simu: "Iko na maileji ngapi?"

Nilikuwa nimesimama kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba ya Cucu, Nakuru. Mlango wa gari ulikuwa wazi na kuku mmoja alikuwa amelalia kiti cha nyuma. Nikaangalia dashibodi. Mita ilisema 38,412. Ningemsomea nambari hiyo ilivyo, singekuwa nimedanganya. Lakini Peugeot 504 steshoni wagoni ya mwaka 1979 iliyotembea kilomita 38,412 tu haipo Kenya hii, na mimi ndiye niliyekuwa na daftari mkononi. Nikamwambia nitampigia baadaye.

Daftari lenyewe ni lile la jalada jeusi na mgongo mwekundu ambalo maduka ya zamani yaliandikia madeni. Guka alilianza mwaka 1983, siku aliponunua gari kutoka kwa mtu aliyekuwa amelitumia miaka minne. Mstari wa kwanza unasema: "61,000 (wanasema)." Hayo mabano yananichekesha kila nikiyasoma. Hata kabla hajalipa senti ya mwisho, Guka alikuwa tayari anaishuku mita.

Na alikuwa na sababu. Mita za magari ya wakati ule zilikuwa na tarakimu tano za kilomita. Ukifika 99,999, kilomita inayofuata inakurudisha sufuri na gari linakuwa jipya tena machoni pa mtu asiyekujua. Guka alichora duara kwenye daftari kila mara mita iliporudi sufuri. Nimeyahesabu maduara hayo mara mbili. Ni 11. Ongeza 38,412 za leo, unapata kilomita 1,138,412. Dunia ukiizunguka kwenye ikweta ni kilomita 40,000 na kidogo. Gari hili limeizunguka mara 28, na bado karibu njia yote ni ile moja: Nairobi–Nakuru, Nakuru–Nairobi.

*

Sasa, kwa nini 504? Watu wa rika langu tunalijua gari hili kama picha ya Instagram, limepigwa rangi upya, limeegeshwa mbele ya mkahawa. Wazee wetu walilijua kama kazi.

Kampuni ya Peugeot ililizindua mwaka 1968, na mwaka uliofuata likachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya. Huku kwetu jina la Peugeot halikuhitaji tuzo ya Ulaya. Gari lililolitangulia, 404, lilikuwa limeshinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na pia 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Mengine yote yaliishia kwenye matope. Kisha 504 yenyewe ikashinda mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na ile ya milango miwili. Mkulima aliyesimama kando ya barabara akitazama magari yakipita alikuwa anafanya utafiti wa soko. Aliona ni gari gani linarudi na ni lipi linarudishwa kwa kamba.

Kwa miaka mingi 504 iliunganishwa papa hapa nchini, Mombasa. Steshoni wagoni ilikuwa na safu tatu za viti, na nyuma ilibebwa na springi nne za kuzunguka, mbili kila upande. Ndiyo maana unaona picha za zamani za gari limebeba watu, magunia na mbuzi juu ya keria, na bado halijakaa chini kama bata.

Lakini sifa iliyolifikisha kwenye kilomita milioni haionekani kwenye picha. Iko ndani ya injini ya petroli. Silinda zake si mashimo yaliyochongwa moja kwa moja kwenye bloku. Ni mirija, fundi wanaiita slivu, inayoingizwa na kutolewa, na maji ya radieta yanaizunguka. Pistoni ikishaimaliza slivu kwa kuisugua, hupeleki bloku nzima kuchongwa kwenye mashine. Unatoa slivu ya zamani, unaweka mpya na pistoni yake na ringi zake, unafunga. Fundi mzuri mwenye jeki, spana na kivuli cha mti aliweza kufanya hivyo Nakuru. Gari lilitengenezwa Ufaransa na watu waliokubali kwamba siku moja litachoka mbali na kwao.

*

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila kuhitaji ile leseni maalum ya biashara ya uchukuzi. Kabla ya hapo zilikuwa zikikimbizana na polisi. Miaka kumi baadaye, Guka alipoingia barabarani, Peugeot za masafa marefu zilikuwa na heshima yake: zilijaa haraka, zilifika haraka, na zilitoza zaidi kidogo ya basi.

Kutoka Nakuru hadi Nairobi ni kilomita 160 hivi. Kwenda na kurudi ni 320. Kwa hesabu hiyo, oili ya injini iliyopaswa kubadilishwa kila kilomita 5,000 ilibadilishwa kila siku ya kumi na tano au kumi na sita ya kazi. Daftari linasema hivyo, ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko uleule: oili, filta, plagi, tapeti, pointi, girisi. Kila mwezi breki. Kila mara: maji.

Maji yalikuwa vita vyake vikubwa. Ukitoka Naivasha kurudi Nairobi unaanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Gari limejaa, jua liko juu, gia ya pili, kilomita baada ya kilomita. Injini ya slivu ina adui mmoja, nao ni joto: gasketi ikiungua au zile sili za chini ya slivu zikichoka, maji yanaingia kwenye oili, na oili yenye maji inafanana na chai ya maziwa. Guka alichomoa dipstiki kila asubuhi kabla ya kunywa chai yake mwenyewe. Cucu anasema aliogopa kuona rangi moja kwenye vyote viwili.

Spea ilikuwa hadithi nyingine. Mpaka mwaka 1993, kuingiza bidhaa kutoka ng'ambo kulihitaji leseni na fedha za kigeni zilizogawiwa kwa kipimo. Spea halisi ziliadimika. Kwa hivyo wenye magari walikimbilia Kirinyaga Road, Nairobi, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Jina hilo lilitoka kwa Ewart Grogan, mlowezi aliyepata sifa kwa kusafiri kutoka Cape hadi Cairo kabla ya kuja kuhodhi mashamba huku. Ajabu ni kwamba barabara ya mtu aliyesifiwa kwa safari moja iligeuka kuwa mahali ambapo watu wasio na sifa yoyote waliyawezesha magari kurudia safari zao maelfu ya mara.

Huko waliuza kilichotolewa kwenye gari lililokufa ili kiishi kwenye gari jingine. Kisichopatikana kilitengenezwa: bushi zilikatwa kutoka matairi makuukuu, gasketi kutoka karatasi nzito, mabomba ya ekzosi yakachomelewa juani. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ilikuwa imeeneza jina la kitaalamu la kazi hizi, sekta isiyo rasmi. Wenyewe waliziita jua kali. Serikali ilianza kuwajengea vibanda katikati ya miaka ya 1980, lakini magari yalikuwa yameshatembea.

*

Kuna kurasa mbili nilizozipita mara ya kwanza bila kuona kitu, kwa sababu hazina kitu.

Ni mwanzo wa mwaka 1993. Bei za vitu zilikuwa zinapanda vibaya. Mfumuko wa bei mwaka huo ulipita asilimia 40. Kwenye daftari, laini ya oili ya Januari haipo. Ya Februari haipo. Machi haipo. Badala yake kuna maneno mawili upande wa kulia: "Fizi. Baadaye." Halafu Aprili, kwa herufi kubwa kuliko kawaida: "Injini imegonga Kinungi. Abiria wamerudishiwa pesa zao."

Nilienda kumtafuta fundi wa Guka. Bado yuko, ameacha kulala chini ya magari lakini bado anakaa karibu nayo. Nikamwonyesha kurasa zile. Alizisoma polepole kisha akasema, "Miezi mitatu na oili moja? Hiyo ni bering za kombo. Haziwezi."

"Lakini nyumbani walisema ilikuwa spea feki."

"Mzee alisema hivyo," akajibu. "Mimi ndiye nilifungua hiyo injini."

Fizi hiyo ilikuwa ya mama yangu. Alikuwa kidato cha tatu, bodingi. Alimaliza, akawa mwalimu. Nyumba nzima ilikula sukuma kwa miezi hadi injini nyingine ikapatikana, na yeye hakuwahi kuambiwa kwamba alisoma kwa oili ya gari.

Nilikaa na habari hiyo wiki mbili. Mimi pia nina mita yangu. Niliacha chuo kikuu mwaka wa pili, na kwa karibu mwaka mzima mama aliendelea kutuma karo, na mimi nikiulizwa nasema niko sawa, mitihani iko sawa. Sikudanganya kwa ufundi mkubwa. Niliacha tu nambari isomeke yenyewe. Alipokuja kujua hakupiga kelele. Aliuliza kama nimekula.

Nilimpelekea daftari Jumapili. Alisoma zile kurasa amesimama. Kisha akasema, "Huyu mzee," akafunga, akaenda jikoni. Alirudi na chai na kuniambia nimsomee kurasa nyingine, kuanzia mwanzo. Tulifika duara la tano kabla giza halijaingia.

*

Kuna watu duniani waliofanya haya na wakajulikana. Irv Gordon, mwalimu wa sayansi kutoka Long Island, Marekani, alinunua Volvo P1800 nyekundu mwaka 1966. Alifikisha maili milioni moja mwaka 1987 na milioni tatu mwaka 2013, akiwa Alaska. Hizo ni zaidi ya kilomita milioni 4.8. Alipoulizwa siri, alirudi kwenye mambo yaleyale: badilisha oili kwa wakati, fuata kitabu cha gari. Injini yake ilikuwa ya jamii ileile iliyokuwa kwenye Volvo PV544 ambayo Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda nayo Safari Rally mwaka 1965, gari ambalo nalo lilikuwa limeshatumika kabla hawajalipata. Mgiriki Gregorios Sachinidis, dereva wa teksi, aliifikisha Mercedes 240D ya mwaka 1976 kwenye kilomita milioni 4.6, na mwaka 2004 ikaingia makumbusho ya kampuni Ujerumani.

Mwaka huohuo wa 2004, sheria ambazo Wakenya wanaziita za Michuki zilianza kufanya kazi: mikanda kwa kila abiria, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa njano. Zilihitajika, watu walikuwa wanakufa. Guka alipiga hesabu ya viti na mikanda, akaona haingii. Mstari wa mwisho wa daftari unasema: "38,412. Imepumzika." Hakuna makumbusho yaliyopiga simu.

Simlinganishi na Gordon. Gordon aliendesha kwa sababu alipenda, na siku asiyotaka aliweza kukaa nyumbani. Guka hakuwa na siku hiyo. Alibadilisha injini mara moja na kuifungua mara nne, na fundi ananiambia kwamba kilichobaki cha mwaka 1979 ni bodi, usukani na "hiyo mita yenyewe." Lakini mtu akiniuliza historia ya barabara kuu ya Nairobi–Nakuru kati ya 1983 na 2004, nitamwonyesha daftari hili kabla ya gazeti lolote. Ndani yake kuna bei ya petroli, uhaba, mvua za El Niño za 1997 zilipoharibu barabara na bushi pamoja, na watoto wanne waliosoma.

*

Nilimpigia mnunuzi. "Kilomita milioni moja, laki moja na thelathini na nane elfu, mia nne na kumi na mbili."

Alinyamaza. Kisha akacheka. "Boss, wengine wanarudisha mita nyuma. Wewe unaipeleka mbele?"

"Iko kwa daftari."

"Daftari gani?"

Nikamweleza. Akaniomba nimpigie picha kurasa chache. Baada ya nusu saa akapiga tena, sauti imebadilika. Alisema ameona gari nyingi za maileji ndogo ambazo hakuna anayejua zilichofanyiwa, na hii anajua hata siku bushi zilipobadilishwa. Alitaka gari, na alitaka daftari, na alikuwa tayari kuongeza pesa kwa ajili ya daftari.

Nilimwuliza Cucu. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Gari achukue. Daftari wacha."

Kwa hivyo nilikaa kwenye kibanda siku nzima nikipiga picha kila ukurasa kwa simu, ili mnunuzi awe na nakala. Nilipofika mwanzo wa 1993 nikasita kidogo, kisha nikazipiga na hizo.