Asilimia Nne ya Jani

Ukiingiza kilo 100 za majani ya mkonge kwenye korona, ile mashine inayoponda jani na kulikwangua kwa visu huku maji yakimiminika, utatoka na singa, yaani nyuzi za mkonge, kilo tatu, ukibahatika, nne. Kilichobaki ni makapi na maji ya kijani yenye harufu kali, na kwa miaka mingi vyote hivyo viliishia mtoni au kwenye lundo nyuma ya kiwanda. Naanza na hesabu hii kwa sababu naiona Tanga yote ndani yake, kuanzia bandarini hadi mashamba ya Muheza na Korogwe. Biashara ya mkonge ilizoea kuchukua sehemu ndogo ya kitu na kutojali iliyobaki. Ililifanyia jani hivyo, ikamfanyia na mtu.

Mmea wenyewe uliletwa. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo aliyefanya kazi na kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza mjini Tanga. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, na kabla ya vita vya kwanza vya dunia ilikwisha kufika Moshi. Kahawa iliyopandwa Usambara Mashariki ilikuwa imewavunja moyo walowezi, na uwanda wa joto ulio chini ya milima ukawa wazi kwa zao lisiloogopa ukame. Vita vilipokwisha, mashamba ya Wajerumani yaliuzwa kama mali ya adui, na Wagiriki, Wahindi, Waingereza na Waswisi wakayanunua. Wenye mali walibadilika, lakini shamba likabaki lilelile: maelfu ya ekari za mistari iliyonyooka, reli ndogo ya toli katikati, kiwanda karibu na mto, na kambi.

Nani angefanya kazi hiyo? Wabondei, Wasambaa na Wazigua walikuwa na mashamba yao ya chakula na hawakuona sababu ya kumkatia mzungu majani yenye miiba mwaka mzima. Ikabidi watu watafutwe mbali: Kigoma, Songea, Burundi, Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika lao la kuajiri, SILABU, lililowakusanya wanaume kwa mkataba na kuwasafirisha kwa malori na treni. Kila mmoja alipewa namba, na kutokana na namba hiyo likazaliwa neno ambalo hadi leo linauma likitamkwa: manamba.

Siku ya kazi ilihesabiwa kwenye kipande, kadi yenye vyumba 30. Aliyemaliza kiasi alichopangiwa cha matita ya majani aliwekewa alama. Aliyeugua au kushindwa, chumba kilibaki kitupu. Mshahara ulitoka vyumba vyote vilipojaa, hata kama vilichukua wiki sita. Nao mshahara huo ulikadiriwa kwa mtu mmoja, kana kwamba hana mke wala mtoto. Mke alibaki Kasulu au Songea akilima, na jembe lake ndilo lililolea watoto, likamtunza mume aliporudi amechoka, na kuwazika wazee. Kwa hesabu za kampuni hii ilikuwa kazi ya bei nafuu. Kwa hesabu yangu, gharama ilikuwa ileile, ila mlipaji alikuwa mwanamke aliye umbali wa kilomita 1,000, ambaye jina lake halikuandikwa katika daftari lolote.

Watu wa Tanga hupenda kuuita mji wao wa waja leo, waondoka leo. Manamba wengi hawakuondoka. Mkataba ulipokwisha walihamia Ngamiani, kwenye zile barabara zilizopewa namba badala ya majina, wakaoa, wakafungua magenge, wakaanzisha ngoma na bendi. Jamhuri Jazz, iliyotikisa nchi nzima, ilianza katika miaka ya 1950 ikiitwa Young Nyamwezi. Jina hilo peke yake linaeleza mji ulivyojaa: vijana wa bara, kwenye pwani ya Waswahili, wakipiga magitaa.

Miaka hiyo ya 1950 mkonge ulikuwa fedha tupu. Vita vya Korea vilipandisha bei kuliko wakati wowote kabla yake. Mashamba yaliajiri zaidi ya watu 100,000, na hakuna zao lililoiletea Tanganyika fedha nyingi za kigeni kuliko hilo. Kilele cha uzalishaji kilikuja mwaka 1964: zaidi ya tani 230,000, nyingi kuliko za nchi nyingine yoyote duniani.

Lakini tuulize zilikwenda wapi tani hizo. Sehemu kubwa ilikuwa kamba ya kufungia nyasi kavu na nafaka katika mashamba ya Ulaya na Amerika Kaskazini. Soko hilo ndilo lililokuwa tumbo la Tanga, na Tanga haikuwa na sauti juu yake. Katika miaka ya 1960 viwanda vya huko vilianza kutengeneza kamba ya plastiki, nyepesi, isiyooza. Bei ya mkonge ikaporomoka. Wakati huohuo chama cha wafanyakazi, kikiongozwa na Victor Mkello, kilikuwa kimeupandisha mshahara baada ya migomo mirefu, kwa haki kabisa, na wenye mashamba wakajibu kwa kupunguza watu na kuacha kupanda upya.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema Azimio la Arusha, lililofungua njia ya utaifishaji, liliua mkonge. Mashamba yaliyotoa zaidi ya nusu ya zao yalitaifishwa Oktoba 1967, bei ikiwa tayari imelala na mengi yakiwa tayari yamechoka. Mkonge huishi miaka kumi hivi. Ukishatoa mlingoti na kuchanua, umekufa. Asiyepanda leo hataona pengo mwaka huu wala ujao. Atavuna ya jana akidhani mambo ni shwari. Serikali ilirithi pengo hilo, kisha ikalipanua: shirika la umma liliendesha mashamba mengi kuliko mameneja liliokuwa nao, vipuri vikakosekana, magugu yakafunika mistari. Mafuta ghali ya mwaka 1974 yalipoipandisha bei ya plastiki na ya mkonge pamoja nayo, Tanga ilikuwa na wateja lakini haikuwa na majani ya kutosha. Brazil iliyatoa, kutoka kwa wakulima wadogo wa Bahia wenye mashine ndogo za kuhamishika. Kufikia mwaka 2000 tulikuwa tumebaki na tani 20,000 hivi.

Mashamba ya umma yaliuzwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Kampuni ya Katani, iliyochukua mashamba kadhaa, ilifanya mambo mawili yanayostahili kukumbukwa. Huko Hale ilijenga mtambo wa biogesi uliozalisha umeme kwa makapi yaleyale yaliyokuwa yakimwagwa. Na huko Magoma, Ngombezi na Mwelya iliwagawia wakulima vipande vya shamba walime mkonge wao wenyewe, wakiwemo watoto na wajukuu wa manamba. Nani angesema mwaka 1950 kwamba mjukuu wa aliyepewa namba angeuza singa kwa jina lake?

Tangu mwaka 2020, serikali ilipoutaja mkonge miongoni mwa mazao ya kimkakati, wakulima wadogo wameongezeka na mashamba yaliyokuwa pori yamelimwa. Ila jani likikatwa halingoji. Lisipopitishwa kwenye korona ndani ya siku mbili hivi linakauka na singa inaharibika. Korona ni chache na ni ghali, hivyo mkulima anapanga foleni. Wakati wa kukata, matita yanalala kando ya njia yakisubiri zamu, na mwenye shamba amekaa juu yake akipiga simu kiwandani kuuliza kama toli inakuja leo au kesho.