Nicodemus: Kijiji cha Walioachwa Huru katika Nyika za Kansas

Magharibi ya jimbo la Kansas, nchini Marekani, katika nyika ambako miti ni nadra na upepo hauna kizuizi, kipo kijiji cha wakulima kiitwacho Nicodemus, kilichoasisiwa mwaka 1877 na watu weusi waliohajiri kutoka Kentucky, aghalabu yao wakiwa wamezaliwa utumwani. Utumwa ulikuwa umeharamishwa miaka 12 kabla, lakini dhuluma ilikuwa imerejea kwa sura nyingine, na mtu huru asiye na ardhi alibaki kumtumikia yule yule aliyekuwa bwana wake. Kwa hiyo mchungaji mweusi, W. H. Smith, na mfanyabiashara wa kizungu, W. R. Hill, walipotangaza kwamba Kansas kuna ardhi, ambayo kwa sheria ya mwaka 1862 raia aliweza kupewa eka 160 kwa sharti la kukaa na kulima miaka mitano, mamia walifunga safari.

Walishuka garimoshi Ellis, wakaikata nyika kwa taabu. Willina Hickman, aliyefika mwaka 1878, alisimulia kwamba alipouliza mji uko wapi alionyeshwa moshi ukifuka ardhini, maana waliotangulia waliishi katika mashimo waliyoyachimba; akalia. Baadhi walirudi walikotoka. Waliobaki, wachache mno wakiwa na farasi au plau, walilima kwa jembe la mkono, na yasimuliwa kwamba katika kipupwe cha kwanza waliokolewa na Waosage, wenyeji asilia wa Amerika, waliokuwa wakirejea mawindoni, ambao waliwagawia chakula. Fadhila hiyo naiona kubwa kupita zote, kwa kuwa ilitoka kwa watu ambao wenyewe walikuwa wakinyang'anywa nchi zao.

Baada ya miaka kumi palikuwa na makanisa, shule, hoteli na magazeti mawili. Na mkazi wake mmoja, Edward P. McCabe, alichaguliwa mwaka 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu za jimbo zima. Wananchi wakaidhinisha dola 16,000 ili kuivuta reli ifike kijijini, lakini mwaka 1888 reli ikapita ng'ambo ya mto ulio jirani, na wenye maduka wakahamia huko, kwenye mji mpya wa Bogue. Hapo biashara ilikufa, ila si kilimo, maadamu ardhi ilikuwa mali ya wakulima wenyewe. Ukame wa miaka ya 1930 uliwapunguza zaidi. Posta ikafungwa mwaka 1953, na shule ikafuata.

Tangu 1996 serikali ya Marekani inayahifadhi majengo matano ya kale ya kijiji. Wakazi wa daima, kwa sensa ya mwaka 2020, hawakufika 20. Hata hivyo kila mwisho wa Julai wazao wa waasisi hurejea kwa wingi kuadhimisha sikukuu ya uhuru, yenye asili katika tarehe 1 Agosti 1834, ulipotanguka utumwa katika makoloni ya Kiingereza ya Karibi. Na miongoni mwao wapo walioendelea hadi karne hii kulima ngano katika ardhi ya babu zao.