Nani Ashike Sanduku? Mapatano ya Shaba ya Mwaka 1962

Ndugu wawili wakigombania shamba, wazee huwapatanisha kwa kusema: gawaneni nusu kwa nusu. Hiyo ndiyo kazi nyepesi. Ugomvi hurudi siku ya mavuno, mmoja anapouliza: na ufunguo wa ghala atashika nani?

Tumeyakumbuka hayo tuliposoma tena habari za mpango wa amani wa mwaka 1962, uliotaka kumaliza vita ya Katanga kwa kugawa fedha ya shaba. Mtu wa Kalemie aweza kusema, "Hayo ni ya watu wa Kolwezi, sisi shaba hatuchimbi." Ni kweli, hatuchimbi. Lakini vita ya fedha ile ilipiganwa katika vijiji vyetu.

Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya uhuru, Bwana Moïse Tshombe alitangaza ya kuwa Katanga ni nchi ya peke yake. Karibu nusu ya mapato ya Congo yote ilitoka Katanga, na sehemu kubwa sana ya fedha hiyo ilitoka kwa kampuni moja, Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906. Tangu siku hizo kampuni iliacha kulipa kodi zake Leopoldville, ikazilipa Elisabethville. Kwa fedha hiyo Bwana Tshombe aliwalipa jandarma wake, pamoja na Wazungu wa kukodiwa kwa vita.

Huku kaskazini Waluba wengi walikataa. Kiongozi wao alikuwa Bwana Jason Sendwe wa chama cha Balubakat. Oktoba 1960 wakatangaza jimbo lao wenyewe huko Manono, mji wa machimbo ya bati. Machi 1961 jandarma wakauteka mji huo. Vijiji vilichomwa, watu wakakimbilia porini. Tusifiche na upande wa pili: tarehe 8 Novemba 1960, karibu na Niemba, katika njia ya kwenda Albertville (ndiyo Kalemie yetu ya leo), watu wetu waliwavamia askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, wakawaua 9. Vijana hao walikuwa wametumwa kufungua njia iliyofungwa.

Mapatano ya kwanza yalifanyika katika kambi ya Kitona, tarehe 21 Desemba 1961. Bwana Tshombe akakubali mbele ya Waziri Mkuu, Bwana Cyrille Adoula, ya kuwa Congo ni moja na Raisi wake ni Bwana Kasavubu. Maneno yalikuwa 8 kwa hesabu, mazuri yote. Juu ya shaba, hata neno moja! Basi Bwana Tshombe aliporudi Elisabethville aliikuta fedha palepale alipoiacha, na mwenye fedha hana haraka ya kutimiza ahadi.

Ndipo Agosti 1962 U Thant, mtu wa Burma aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alipoleta mpango uliotaja fedha waziwazi. Kodi na mrabaha wa madini vigawanywe nusu kwa nusu kati ya serikali kuu na Katanga. Fedha za kigeni zote zipelekwe kwanza Leopoldville, katika Baraza la Fedha, kisha angalau nusu yake irudishwe Katanga kwa mahitaji yake. Sarafu iwe moja, jeshi liwe moja, na waliokosa wasamehewe.

Bwana Adoula alikubali. Mwanzo wa Septemba Bwana Tshombe naye akakubali. Kama jambo lingekuwa hesabu tu, vita ingekwisha siku ile, kwa maana juu ya ile nusu hapakuwa na ubishi mkubwa. Lakini angalieni neno lile "kwanza". Fedha ipite Leopoldville kwanza, ndipo irudi. Elisabethville waliogopa ya kuwa haitarudi. Leopoldville nao waliogopa ya kuwa, sanduku likibaki Elisabethville, nusu yao haitafika. Kwa maoni yetu, kila upande ulikuwa na sababu ya kuogopa. Zikaja tume, barua na majibu ya barua, miezi mitatu na zaidi, na kampuni iliendelea kulipa kule ilikozoea. Tarehe 28 Desemba 1962 majeshi ya Umoja wa Mataifa yakaanza kusonga mbele. Tarehe 14 Januari 1963 Bwana Tshombe akatangaza ya kuwa kujitenga kumekwisha. Sanduku liliamuliwa kwa bunduki.

Na sisi je? Julai 1962, mwezi mmoja kabla ya mpango ule, jimbo la Katanga Kaskazini lilikwisha kuundwa kwa sheria, mji wake mkuu Albertville. Mpango ulipotaja nusu ya Katanga, walioujadili walikuwa Leopoldville na Elisabethville. Waliochomewa nyumba hawakuketi pale mezani.

Miaka 40 baadaye, baada ya vita nyingine kubwa, Wakongomani walipatana tena, Sun City na Pretoria, mwaka 2002. Katika mapatano hayo ikazaliwa Katiba ya 2006. Kifungu chake cha 175 chasema ya kuwa mapato ya taifa yanayohusu majimbo ni 40 kwa mia, nayo yakatwe palepale yanapokusanywa. Walioandika walikuwa wameielewa habari ya ufunguo. Lakini desturi ilishinda maandishi: Kinshasa ilikusanya yote, kisha ikarudisha, mara nyingi kwa kuchelewa na pungufu.

Sheria ya madini ya mwaka 2018 ilijaribu njia nyingine. Mrabaha wagawanywa mara nne: 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji au usultani wa mahali pa kuchimbwa, 10 kwa akiba ya vizazi vijavyo. Tena mchimbaji aagizwa kumlipa kila mmoja kwake, pasipo kupitia sanduku la mwingine.

Tangu mwaka 2015 Kalemie ni mji mkuu wa jimbo la Tanganyika, na Manono imo ndani ya jimbo hilo. Ardhi ya Manono ina lithiamu nyingi mno. Makampuni ya kigeni yamepelekana mbele ya waamuzi kwa ajili yake. Katika mrabaha wake, zile 25 kwa mia zapaswa kuingia katika sanduku lililoko hapa Kalemie. Basi safari hii ufunguo mmoja uko kwetu, na watu wa Manono, wenye mashimo ya bati yaliyojaa maji tangu zamani, waweza kutuuliza swali lilelile tulilowauliza wenzetu wa Elisabethville.