Kisiwa cha volkeno huko Kivu na maji yanayotuhamisha hapa Kalemie

Leo nazungumza hasa na ninyi mliotoka kando ya ziwa, maji yalipoingia nyumbani mwaka 2021 na tena mwaka 2024. Kila nikipita na kinasa sauti, wamama wananiuliza swali moja: "Baba, hili ziwa limepatwa na nini?" Wengine wanasema limekasirika. Jibu nililolipata linaanzia mbali na hapa, kwenye kisiwa kidogo cha Ziwa Kivu.

Miaka michache iliyopita, kabla vita haijafunga njia, nilivuka kwa boti kutoka Goma mpaka Tchegera. Kisiwa hicho kiko ndani ya Hifadhi ya Virunga na kina umbo la mwezi mchanga. Ni ukingo wa mdomo wa volkeno ya zamani. Upande mmoja umezama majini, uliobaki ndio nchi kavu. Mchanga wake ni mweusi. Pale mvua ilipochimba vikorongo kwenye majivu yaliyoganda, niliona rangi zikipangana: nyeusi, kahawia, na nyekundu kama tofali. Usiku, upande wa kaskazini, mbingu ilikuwa nyekundu juu ya Nyiragongo.

Mlima huo tunaujua kwa ubaya wake. Ulilipuka Januari 1977, ukalipuka tena tarehe 17 Januari 2002 na moto wake ukapita katikati ya Goma mpaka ziwani, kisha tarehe 22 Mei 2021. Lakini kazi kubwa kuliko zote volkeno za Virunga ziliifanya kabla ya kumbukumbu ya mzee yeyote.

Wataalamu wa mawe wanaeleza kwamba zamani maji ya Kivu yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward na mto Nili. Volkeno zikamwaga mawe ya moto, zikajenga ukuta, njia ikafungwa. Maji yakapanda, yakapanda, mpaka takriban miaka 10,000 iliyopita yakapata mlango upande wa kusini, pale Bukavu ilipo leo. Hivyo ukazaliwa mto Ruzizi. Kivu iko kwenye mita 1,460 hivi juu ya bahari, ziwa letu kwenye mita 770 hivi. Kwa hiyo Ruzizi inashuka kwa nguvu, na imechimba korongo refu katika mawe ya volkeno. Vikorongo nilivyoviona Tchegera ni watoto tu. Kazi ni ileile.

Maji hayo yote yanafika kwetu. Na Ziwa Tanganyika, pamoja na ukubwa wake, lina mlango mmoja tu wa kutokea: Lukuga, hapahapa Kalemie. Kutoka hapa maji yanakwenda Lualaba, kisha mto Kongo, kisha bahari kuu.

Sasa sikilizeni jinsi mlango huu ulivyowachanganya wageni. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kaskazini ya ziwa, wakaona kwamba Ruzizi inaingia, haitoki. Basi maji yanatokea wapi? Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika Lukuga, akasema ndiyo njia ya kutokea, ingawa majani yalikuwa yameiziba. Mwaka 1876 Stanley alikuta mafunjo na matope, maji hayaendi, lakini alisema ziwa likizidi kupanda litavunja kizuizi. Mwaka 1879 Hore, mmisionari kutoka Ujiji, alikuta Lukuga inakimbia kwa nguvu. Kizuizi kilikuwa kimevunjika. Katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka mita nyingi, na fukwe zilizokuwa chini ya maji zikawa nchi kavu.

Hapo ndipo penye somo letu. Sehemu ya ardhi tambarare iliyo kando ya ziwa hili ni ardhi ambayo ziwa liliiacha wakati ule. Reli kutoka Kabalo ilifika hapa mwaka 1915, mji ukakua, watu wakajenga karibu na maji kwa sababu samaki wako hapo, soko liko hapo, bandari iko hapo. Hakuna wa kuwalaumu. Lakini ziwa halikuandika hati ya kuuza kiwanja. Baada ya mvua kubwa za miaka ya 1961 na 1962 lilipanda, na mwaka 1964 lilifika juu sana. Wazee waliokuwa watoto wakati ule bado wapo. Kisha lilishuka taratibu, na sisi tulisahau.

Kwa hiyo, wamama, ziwa halijakasirika. Linapokea mvua na mito mingi, Ruzizi ikiwemo, na lina mlango mmoja mwembamba. Mvua ikizidi kwa miaka kadhaa, linapanda haraka. Kushuka kunachukua miaka.

Najua familia nyingi zinangoja maji yarudi ili zikajenge upya palepale. Wengine walikuwa wameshakimbia vita vijijini kabla ya kukimbia maji mjini, hawana kiwanja kingine. Sina uwezo wa kuwapa ardhi. Hilo ni deni la serikali, na tutaendelea kuliuliza kwenye maikrofoni. Lakini kabla ya kununua hata tofali moja, tafuteni mzee wa mtaa. Mwambieni awaonyeshe maji yalifika wapi mwaka 1964. Kisha wekeni alama mahali yalipofika safari hii, kwenye mti au kwenye ukuta, ili watoto wenu wasije kuuliza swali hili tena.